Neno Lililovushwa Mto

Natokwe alikuwa amebatizwa mara mbili, na kila aliyembatiza alimhakikishia kwamba maji ya mwenzake hayakuwa maji. Mara ya kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wiki chache baada ya ndui kuimaliza nyumba yao yote. Mchungaji Yoeli Brisaki wa Watu wa Zaburi alimmiminia maji kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemwosha mgonjwa, akamwita Suzana. Mara ya pili alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mmoja, aliyetekwa shambani na Watu wa Kengele. Padri Inyigo alimmwagia maji kutoka chombo cha fedha, akamtia chembe za chumvi ulimini, akamvika rozari shingoni, akamwita Katalina. “Yale ya kwanza,” Padri alimwambia kwa upole, “yalikuwa maji ya kunawia tu.” Natokwe aliinamisha kichwa, nywele zikimchuruzika, akajiuliza ni yupi kati ya Suzana na Katalina aliyelowa, na huyu anayejiuliza ni nani.

Watu wa mtoni, yaani watu wa kwao, ndio waliowapa wageni majina hayo, kufuatana na sauti zilizowatangulia msituni. Hawa walipiga kengele alfajiri, adhuhuri na machweo. Wale hawakuwa na kengele, ila waliimba zaburi kwa sauti moja nzito, wanaume kwa wanawake, hata walipokuwa wakipasua kuni. Wote walitoka ng'ambo ya bahari ambayo hakuna mtu wa mtoni aliyewahi kuiona ng'ambo yake. Wote walikuja na njaa. Kila upande ulikuwa na mfalme, na kila mfalme alikuwa na karatasi inayosema nchi ile ni yake, ingawa hakuna hata mmoja kati ya wafalme hao aliyewahi kukanyaga tope lake. Nchi yenyewe haikuwa na jina ambalo wageni wangeweza kukubaliana, kwa hiyo katika karatasi moja iliitwa hivi, katika nyingine vile, na mito yake ikawa na majina mawili mawili kama Natokwe.

Hata siku hazikuwa sawa. Watu wa Kengele walikuwa wamesahihisha kalenda yao huko kwao, wakaruka siku kumi kwa mpigo mmoja kwa amri ya mkuu wa dini yao. Watu wa Zaburi walikataa kusahihishwa na mtu huyo, hata kama jua lenyewe lilikuwa upande wake. Basi kutoka ngome moja hadi nyingine, mwendo wa siku mbili kwa miguu, msafiri alirudi nyuma siku kumi au akazitangulia. Natokwe, aliyekuwa ameishi kote kuwili, alizibeba tarehe zote mbili kichwani kama mtu anayesikia mwangwi kabla ya sauti. Wakati mwingine, akiwa anasaga mahindi, ilimjia kwamba kuna siku kumi ambazo zimeanguka mahali fulani kati ya ngome mbili, na kwamba ndani ya siku hizo kuna watu wanaoishi bila mfalme na bila swali lolote la kujibu.

Mjomba wake Hurako, ndugu pekee aliyembakia, aliwahi kumuuliza wageni wanagombania nini hasa.

“Hawa wanasema Mungu wao yumo ndani ya mkate,” Natokwe alieleza. “Wale wanasema mkate ni wa kumkumbukia tu.”

“Na mkate wenyewe wanautengeneza kwa nini?”

“Siku hizi, kwa mahindi yetu.”

“Basi waambie wote,” alisema Hurako, “kwamba ndani yake tumo sisi.”

Natokwe hakuwaambia. Mkalimani hubeba anachopewa, na hakuna aliyempa hilo alibebe.

*

Mwaka ule, katika mwezi wa dhoruba, merikebu za Watu wa Zaburi ziling'oa nanga kwenda kuishambulia ngome ya Watu wa Kengele. Upepo ukazikuta njiani, ukazisukuma kwenye mafungu ya mchanga, ukazivunja moja baada ya nyingine. Mvua hiyo hiyo ikinyesha, Jemadari Belkasto wa Watu wa Kengele alipita na askari wake kwenye kinamasi, maji yakiwafika kifuani, akaikuta ngome ya Zaburi haina wa kuilinda, akaitwaa asubuhi moja. Wanaume wachache waliokuwamo waliuawa. Wanawake na watoto wakafungiwa kwenye ghala la nafaka. Siku ya tatu ikaja habari kwamba mtoni, upande wa kusini wa mlango wake, kuna watu waliookoka merikebuni: wanaume mia moja na sitini, bila chakula na bila maji ya kunywa, wamekwama kwenye ulimi wa mchanga ambao mto umeukata upande mmoja na bahari upande wa pili.

Jemadari alikwenda na askari hamsini, pipa la maji, magunia mawili ya mahindi, Padri Inyigo, na Natokwe.

Walifika jua likichomoza. Ng'ambo ya mto watu walionekana wadogo na weusi dhidi ya mchanga, wamekaa, wachache wamesimama. Hawakuwa wakiimba. Jemadari aliketi juu ya gogo, akavua kofia yake ya chuma, akaanza kukwangua kutu kwa ukucha. Alikuwa mtu mwenye adabu, mwenye sauti ya chini, asiyempiga mtu kwa mkono wake mwenyewe.

“Wako mara tatu yetu,” alimwambia Padri. “Chakula nilichonacho ngomeni ni cha wiki tatu. Niambie nifanye nini nao.”

“Wakitubu, Bwana Jemadari, ni ndugu zetu.”

“Na wasipotubu?”

Padri Inyigo alitazama maji. “Mzushi mmoja akibaki hai katika nchi changa,” alisema, “ni kama ndui. Hawa watu wa mtoni watausikia uzushi kabla hawajausikia ukweli.”

Natokwe alikuwa amechuchumaa hatua nne kutoka kwao. Hawakumfukuza, kwa sababu watu hawazungumzi mbele ya mkalimani kama wanavyozungumza mbele ya mtu. Aliinua uso, akauliza swali ambalo hakuwa ameagizwa kuliuliza. “Padri, wakifa, watakuwa wamekufa kwa ajili ya mfalme au kwa ajili ya Mungu?”

Padri alishtuka, kisha akatabasamu kwa huzuni. “Wewe Katalina. Ingekuwa kwa ajili ya mfalme, ingekuwa dhambi.”

Jemadari hakutabasamu. Aliendelea kukwangua kutu yake. “Ingekuwa kwa ajili ya Mungu peke yake,” alisema, “nisingehesabu magunia.”

*

Mtumbwi ulitumwa, ukarudi na mjumbe wa walionusurika. Natokwe alimtambua kabla hajashuka, kwa namna alivyoshika ukingo wa mtumbwi kwa vidole vyake vifupi, akiupapasa kama anayetafuta nyufa. Alikuwa Eliazari Moro, seremala. Yeye na mkewe Judita ndio waliomlea ndani ya ngome ya Zaburi. Eliazari alimfundisha kusoma kwa kuchonga herufi kwenye vipande vya mbao, naye Natokwe akamlipa kwa maneno ya kwao, machache kila siku, mpaka mzee akaweza kuomba maji, kusifu mvua na kumtania Hurako. Sasa midomo yake ilikuwa imepasuka, na ndevu zimejaa chumvi.

“Suzana,” alisema.

Padri Inyigo, aliyejua maneno kumi na mawili hivi ya lugha ya Zaburi, alikohoa. “Anaitwa Katalina.”

“Mwambie Jemadari,” Eliazari alisema, “tumekwisha. Tunaomba jambo moja tu. Tukiweka silaha chini, tutaachwa hai?”

Natokwe alilivusha swali hilo. Jemadari alisimama ili kujibu, maana alimheshimu mjumbe.

“Waambie waweke silaha chini na wajikabidhi kwenye huruma yangu. Nami nitawatendea kadiri Mungu atakavyoniagiza.”

Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa safi. Natokwe aliigeuza sentensi yote kinywani, akaona jinsi ilivyotengenezwa kwa ustadi. Hakuna mahali ambapo mtu angeweza kusema baadaye kwamba alidanganywa. Katika lugha ya Zaburi kulikuwa na neno moja la huruma, nalo ni lile ambalo mama humpa mtoto. Katika lugha ya Kengele kulikuwa na jingine, nalo ni lile ambalo mwenye upanga hulishika mkononi na anaweza kulitoa au kulirudisha alani. Padri alikuwa akimtazama mdomo.

Alitafsiri sentensi yote, sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza. Alipofika kwenye huruma, alitumia neno la tatu. Lilikuwa la watu wa mtoni, neno ambalo wawindaji hulitumia wanapommalizia kulungu aliyejeruhiwa ili asiteseke.

Padri hakushtuka. Kwake yeye maneno yote asiyoyajua yalikuwa ya lugha moja.

Eliazari alilisikia. Alimtazama Natokwe kwa muda ambao haukuzidi pumzi mbili, na katika pumzi hizo uso wake ulizeeka. Kisha akashukuru, akapanda mtumbwi, akavushwa kurudi kwa wenzake.

*

Walingoja mpaka jua likawa utosini.

Hapa inafaa kusema wazi kile ambacho Natokwe alikijua baadaye tu, kwa kuambiwa na Eliazari mwenyewe. Kule ng'ambo mzee aliwaambia wenzake ukweli: wakivuka, watauawa. Wakamuuliza kajuaje. Akasema, mkalimani amenionya. Wakauliza mkalimani ni nani. Akasema, ni Suzana wetu. Mtu mmoja akasema: yule mwenye rozari shingoni? Mwingine akasema: wanataka tubaki hapa tufe kwa kiu, wasipoteze hata risasi moja, ndiyo maana wamemtuma atutishe. Eliazari aliapa kwamba anamjua binti yule tangu akiwa mdogo. Wakamjibu kwamba aliyemjua alikuwa Suzana, na huyu wamesikia kwa masikio yao, kwa sauti inayosafiri juu ya maji, akiitwa Katalina. Kisha mtu akalia kwa kiu, na kilio hicho kikashinda hoja zote.

Lakini Natokwe, ng'ambo ya huku, hakuyajua hayo. Aliketi akiutazama mchanga, akafikiri juu ya siku kumi. Kwa hesabu ya watu wa huku ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Kwa hesabu ya watu wa kule ilikuwa tarehe kumi na mbili tu. Basi kule bado. Kule jambo hili halijafika. Mto huu una upana wa siku kumi, na neno langu limekwenda kuwatangulia, litawakuta wakiwa hawajapanda hata hizo merikebu, wamekaa nyumbani, mama Judita anakanda unga. Litawaambia kaeni. Watakaa.

Na mimi nitakuwa nimekaa wapi siku hiyo? Mimi wa tarehe kumi na mbili ni yupi? Ana jina gani? Amelowa maji gani? Anaposema *msije*, ni nani anayesema? Koo ni langu. Pumzi ni yangu. Neno si langu, nililikuta duniani. Kama neno si langu na swali si langu na jibu si langu, mbona nitaliota mimi?

Mtumbwi ulianza kuja. Ulibeba watu kumi. Silaha zao zilikuwa zimelundikwa ufukweni kule nyuma yao, zikimetameta kama samaki waliovuliwa.

*

Waliwapa maji kwanza. Ilikuwa amri ya Jemadari, naye aliisimamia mwenyewe, kikombe kimoja kwa kila mtu. Kisha wakawafunga mikono nyuma kwa kamba, wakawapeleka nyuma ya kilima cha mchanga, mahali ambapo walio ng'ambo hawangeweza kuona. Huko alisimama Padri, na Natokwe, na askari wenye mikuki.

“Waulize,” Jemadari alisema, “nani kati yao ni wa kanisa la kweli.”

Natokwe aliwatazama watu wale kumi. Wawili aliwajua kwa majina. Alifumbua mdomo, akasema kwa lugha ya Zaburi, kwa sauti ile ile ya mtu anayetafsiri:

“Jemadari anauliza nani ana ufundi mikononi. Mwenye kazi ya mikono aitaje kazi yake kwa neno moja, kisha anyamaze. Msiongeze kitu.”

“Mwokaji,” alisema wa kwanza.

“Anasema alibatizwa kwenu utotoni,” Natokwe alimwambia Jemadari.

“Mhunzi.”

“Anasema mama yake alikuwa wa kanisa lenu.”

Padri Inyigo alifumba macho kwa furaha. Wanne katika kumi walipelekwa kukaa kando ya pipa la maji. Sita waliobaki hawakuwa na ufundi wowote, walikuwa askari au wakulima, na hakuna neno ambalo Natokwe angeweza kuliweka vinywani mwao bila Jemadari kushuku kwamba merikebu nzima ya wazushi ilijaa waumini. Aliwatoa. Katika maisha yake yote baadaye hakuwahi kulisema kwa namna nyingine: hakusema waliuawa, alisema *niliwatoa*. Mikuki ilifanya kazi bila kelele nyingi. Mchanga ulinywa upesi.

Katika kundi la pili aliokoa watano. La tatu, wanne. La nne, ambamo Eliazari alikuwamo, wanne. Alipofika zamu yake alimtazama Natokwe machoni na kusema, “Seremala,” na Natokwe akamwambia Jemadari kwamba mzee huyu amechoka na uzushi. Watu kumi na saba walikaa kando ya pipa, mikono imefungwa, wakiwa hawajui kwamba wamegeuzwa dini.

“Ni wengi,” Jemadari alisema.

“Damu inakumbuka ilikotoka, Bwana,” alisema Padri.

Kundi la tano lilikuwa na Mchungaji Yoeli Brisaki. Alikuwa amepoteza kiatu kimoja, na alitembea kwenye mchanga kwa kuchechemea, akiwategemeza wenzake wawili kwa mabega kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa. Natokwe aliuliza swali lake. Mchungaji aliinua kichwa. Katika ujana wake alikuwa amesomea upadri katika dini ya Kengele, kabla hajaiacha, na lugha yao alikuwa nayo nzima, imehifadhika, kama nguo ya zamani ndani ya sanduku. Alikuwa amesikia alichoulizwa na Jemadari. Sasa alisikia alichoulizwa na Natokwe.

“Binti yangu,” alisema kwa lugha ya Zaburi. “Unafanya nini?”

“Mchungaji, taja kazi. Unajua kufunga vitabu. Sema hilo tu.”

“Wale waliokaa pale, umewasemea nini?”

“Nakuomba.”

Alielewa. Natokwe aliona akielewa, na aliona pia kwamba mtu yule hakuwa na hasira hata chembe, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Mchungaji aligeuka, akasema na Jemadari moja kwa moja, kwa lugha ya Kengele iliyonyooka:

“Bwana, mwanamke huyu anauliza jambo jingine. Wale watu ni wa imani yangu, wote. Hakuna aliyemkana Bwana wake. Sitakubali waokolewe kwa uongo ambao wao wenyewe hawajui kwamba umesemwa.”

Upepo ulipita. Padri Inyigo akaonekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

“Nilitaka kuwaokoa na kifo,” Natokwe alimwambia Mchungaji.

“Hapana, Suzana. Ulitaka kutuokoa na Mungu wetu.” Akaongeza, kwa sauti ya chini, sauti ile ya siku ya kiganja cha maji: “Sikulaumu. Ungekuwa wangu wa kuzaa ningelia kwa fahari. Lakini mtu akisemewa *ndiyo* na *hapana* zake na mwingine, kilichobaki kwake ni nini?”

Natokwe alitaka kumwambia kwamba tangu akiwa na miaka kumi na miwili yeye mwenyewe alikuwa akisemewa, mara na hawa, mara na wale, na kwamba kilichobaki kwake ndicho kinachosimama hapa kikitetemeka. Lakini walikuwa wamekwisha kumchukua Mchungaji. Alikwenda akichechemea, na akaanzisha zaburi, na watu tisa wakaifuata, sauti zikawa nane, zikawa tano, zikawa moja.

*

Jemadari alimwendea Natokwe, akasimama karibu naye sana.

“Ningekukata ulimi,” alisema, bila kupandisha sauti, “lakini ndio ulimi pekee nilio nao.”

Akachukua msalaba wa Padri, ule wenye sanamu ya Mtu aliyesulubiwa, akamtia Natokwe mkononi. Wale kumi na saba wangeulizwa upya, na safari hii bila maneno. Atakayeubusu ataishi. Asiyeubusu atawafuata wenzake. Natokwe ndiye atakayeushika.

Mwokaji aliugeuzia uso pembeni. Mhunzi aliubusu haraka, kama mtu anayemeza dawa, kisha akatapika. Watatu waliofuata walikataa. Mmoja alicheka, akaubusu mara mbili, akaendelea kucheka mpaka askari wakamsukuma. Natokwe alisonga kutoka uso hadi uso akiwa na kipande kile cha mti, na mkono wake ulikuwa umekufa ganzi mpaka kwenye bega.

Akafika kwa Eliazari.

“Ni mti gani huu?” mzee aliuliza, akiutazama kwa makini.

“Sijui, Baba.”

“Ni mwaloni. Umechongwa vibaya. Aliyeuchonga hakungoja ukauke.” Akainua macho. “Baba mkwe wangu alichomwa moto kule kwetu kwa ajili ya kukataa busu kama hili. Judita alikuwa na miaka tisa. Walimleta atazame.”

“Mama Judita yu hai,” Natokwe alinong'ona haraka. “Yuko ngomeni, kwenye ghala, pamoja na wanawake wengine. Hawakuwagusa. Nimemwona kwa macho yangu jana.”

Eliazari alifumba macho. Mwili wake wote uliyumba, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa amejiandaa kufa nao.

“Baba, wewe mwenyewe ulinifundisha. Ulisema hakuna kitu ndani ya mti ila mti.”

“Nilisema.”

“Basi busu mti.”

“Kwangu ni mti, mwanangu. Kwao si mti. Nikiubusu sijui nitakuwa nimebusu cha nani.” Alilamba midomo yake iliyopasuka. “Yu hai, umesema?”

“Yu hai.”

“Ameniulizia?”

“Kila saa.”

Hilo Natokwe aliliongeza mwenyewe. Judita hakuwa ameuliza lolote jana, alikuwa ameketi na mgongo wake ukutani akisali. Eliazari alisogeza uso mbele, na midomo yake ikagusa miguu ya sanamu ile, ikakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kana kwamba alikuwa amechoka na hapo ndipo palipokuwa pa kupumzikia.

Sita waliubusu. Kumi na mmoja hawakuubusu. Waliobaki ng'ambo walivushwa kumi kumi mpaka alasiri ikaisha, na hawakuulizwa kitu. Jemadari alisema swali limekwisha kujibiwa.

*

Walirudi ngomeni siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri. Ghala la nafaka lilikuwa la magogo, na mlango wake ulikuwa umefunguliwa ili wanawake waote jua chini ya ulinzi. Habari zilikuwa zimewafikia. Baadhi yao walikuwa wamejipaka majivu. Wengine walizitazama nyuso sita zilizorudi, wakatafuta, hawakuona, wakatafuta tena kana kwamba walikosea kuhesabu.

Judita Moro alikuwa amesimama peke yake kando ya mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa iliyomfundisha Natokwe kukanda, kushona na kumkamua mbuzi. Natokwe alimleta Eliazari kwake, amemshika kiwiko. Mzee alikuwa amenawa uso kijitoni na kujaribu kuchana ndevu zake kwa vidole.

Walisimama hatua tatu kutoka kwake.

“Judita,” alisema Eliazari.

Yeye hakumtazama. Alimtazama Natokwe. “Waliorudi ni wale walioubusu?”

“Mama…”

“Nimeuliza.”

“Ndio wale.”

“Niliubusu,” Eliazari alisema. “Judita, nisikilize. Waliniambia u hai. Nilisikia kwamba u hai, nikaona kwamba siwezi.”

Uso wa Judita haukubadilika. Macho yake tu yaliingia ndani, mbali sana, mahali ambapo msichana wa miaka tisa alikuwa bado ameshikwa mabega na kulazimishwa kutazama. Alipozungumza, alizungumza kwa lugha yao ya nyumbani, ile ambayo yeye na mumewe walikuwa wameposana kwayo, wakazika watoto wawili kwayo, wakavuka bahari kwayo.

“Natokwe,” alisema. Hakumwita Suzana. “Mwambie mtu huyu kwamba mume wangu alikufa mtoni pamoja na wenzake.”

Natokwe alidhani hakusikia vizuri. “Mama, anakusikia. Yuko hapa.”

“Wewe si mkalimani?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi mwambie.”

Askari mmoja aliyekuwa mlangoni aliwatazama, asielewe kitu, akarudia kunoa kisu chake. Natokwe alimgeukia Eliazari.

“Anasema mume wake alikufa mtoni, pamoja na wenzake.”

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeilinda adabu mbele ya lugha asiyoijua. Aliitikia kwa kichwa, polepole.

“Mwambie,” alisema, “nimesikia.”

Natokwe akamgeukia Judita, akamwambia.